Somo: Kupima mzigo wa akili kwa NASA-TLX, kwa wanaoandika memwari Lubumbashi

Msimu wa memwari (andiko la kumaliza chuo) ukifika, maswali yanakuwa yale yale. Naandika mara moja. Tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

NASA-TLX ni fomu ya kupima kazi inambana mtu kiasi gani. Ilitolewa mwaka 1988 na Sandra Hart wa NASA, shirika la anga la Marekani, na Lowell Staveland wa Chuo Kikuu cha San Jose State, wote huko California. Anayeijaza ni mfanyakazi mwenyewe, si wewe unayemtazama.

Hatua ya 1. Chagua kazi yenye mwanzo na mwisho. «Kuendesha kamio (lori) mgodini» ni pana mno. «Kurudisha kamio nyuma mpaka mahali pa kumwaga mawe» inapimika.

Hatua ya 2. Chapisha fomu. Ina mistari sita: mahitaji ya akili, mahitaji ya mwili, haraka ya muda, matokeo, juhudi na kero. Kila mstari unatoka 0 mpaka 100, kwa vipande vya 5.

Hatua ya 3. Ajaze mara tu anapomaliza kazi, kabla hajaenda kula bukari.

Hatua ya 4. Hapa ndipo memwari nyingi zinaharibika. Mistari mitano inatoka «kidogo» kwenda «sana». Mstari wa matokeo peke yake unaanza na «nimefaulu kabisa» upande wa kushoto na kuishia «nimeshindwa» upande wa kulia. Tumezoea shuleni kwamba alama kubwa ni sifa, kwa hiyo dereva aliyefanya vizuri anaweka alama yake kulia, na mzigo wake unapanda bila sababu. Msomee ncha zote mbili kwa sauti, kisha muulize: «Ukifanya vizuri kabisa, unaweka wapi?» Akionyesha kulia, eleza tena. Usigeuze namba baadaye kwa kukisia, maana hutajua nani alielewa na nani hakuelewa. Jaribu fomu kwanza kwa watu wachache ambao hutawaingiza kwenye hesabu.

Hatua ya 5. Mpe jozi 15 za mistari hiyo sita, mbili mbili, kila mara achague kipi kilichangia mzigo zaidi. Kilichochaguliwa mara nne kina uzito 4. Zidisha uzito kwa alama, jumlisha, gawa kwa 15. Mfano: akili 80 (uzito 5), muda 70 (4), juhudi 60 (3), matokeo 40 (2), kero 50 (1), mwili 10 (0). Jumla 990, jibu 66. Ukiacha uzito, ukajumlisha alama peke yake na kugawa kwa 6, unapata karibu 52. Njia zote mbili zinakubalika, lakini usizichanganye, na useme umetumia ipi.

MASWALI (wanaouliza ni wa komini za Lubumbashi: Kenya, Kampemba na Katuba; «yaya» ni mkubwa wao, yaani mimi)

Wa Kenya: Yaya, nimepata 58. Ni mzigo mkubwa?
Jibu: Mkubwa kuliko nini? Linganisha posti (zamu) ya mchana na ya usiku. Namba moja peke yake haihukumu mtu.

Wa Kampemba: Naweza kuwapa fomu mwisho wa juma, wajaze zote pamoja?
Jibu: Hatua ya 3.

Wa Kampemba: Lakini chefu wao haniruhusu kuingia kila siku.
Jibu: Basi punguza idadi ya watu, usisogeze muda.

Wa Katuba: Yaya, mimi nina saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Haiwezi kuchukua nafasi ya fomu?
Jibu: Swali zuri sana, mdogo wangu. Akili ikibanwa, mapigo huelekea kufuatana kwa muda unaokaribia kuwa sawa, yaani tofauti kati ya pigo na pigo inapungua. Lakini joto, kahawa na kupanda ngazi ya kamio navyo vinayabadilisha. Chukua vyote viwili, na upime kwanza akiwa amekaa ametulia, upate pa kulinganishia. Mboni ya jicho nayo hupanuka, ila mgodini mwanga unabadilika kila dakika, utapima jua.

Wa Katuba: Na kumpa hesabu ya kichwani huku anaendesha, nione akili imebaki kiasi gani?
Jibu: Njia hiyo ipo na ni ya zamani, lakini fanya kwenye mashine ya kuigiza kuendesha tu. Kwenye kamio halisi, kamwe. Kama huna mashine, njoo na fomu yako tuipitie pamoja, nitakuonyesha namna ya kupanga jozi zisifuatane sawa kwa kila mtu.