Watoto wa nguruwe wamekula vizuri saa moja baadae wanakufa: kaangalie pipa la mboga kabla hujamlaumu jirani

Simu ya aina hii nimeshaipokea zaidi ya mara moja, hasa kipindi cha mvua. "Bwana mifugo njoo haraka, watoto wamekula vizuri tu asubuhi, sasa hivi wanne wako chini wanahema mdomo wazi, kuna mtu kaniwekea sumu." Mara nyingi huyo jirani hana hata habari, sumu imepikwa hapohapo nyumbani.

Nikupe mfano wa mama mmoja huku Kibamba. Yeye anachukua viroba vya mboga zilizobaki sokoni Mabibo, mchicha, chainizi, yale majani ya nje ya kabichi, vinafika nyumbani vimeshaanza kupata joto ukiingiza mkono ndani unalisikia kabisa. Jioni anachemsha kwenye pipa maana aliambiwa chakula cha nguruwe kichemshwe kwa sababu ya homa ya nguruwe, na aliyemwambia hakukosea. Saa mbili usiku kuni zikaisha, akafunika pipa na gunia akalala. Saa kumi na mbili asubuhi bado vuguvugu, akachanganya na pumba, akamwaga. Nilipofika waliokuwa wamekufa ni wale wanene, wale walafi wanaowasukuma wenzao kwenye chombo, na vile viwili vidhaifu ambavyo siku zote havipati nafasi vilikuwa vimesimama vinanishangaa.

Hiyo inakuelekeza kwenye chakula. Magonjwa mengi hayachagui mlafi.

Iko hivi. Mboga za majani zinavuta naitreti, ile chumvi ya nitrojeni, kwenye udongo, na zikimwagiwa yurea au mbolea ya kuku nyingi halafu hali ya hewa ikawa ya mawingu zinalimbikiza zaidi. Naitreti yenyewe haimsumbui sana nguruwe kama inavyomsumbua ng'ombe, ila mboga zikirundikwa kwenye kiroba au zikikaa vuguvugu usiku kucha bakteria wanaigeuza kuwa naitraiti, na hiyo ndo muuaji. Ikiingia kwenye damu inaharibu madini ya chuma yaliyo ndani ya himoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, inakuwa methemoglobini, haibebi tena oksijeni. Yani ni kama daladala zimejaa barabarani ila milango yote imefungwa, abiria wamebaki kituoni. Na watoto wanaumia zaidi kwa sababu kile kimeng'enya cha kuirudisha damu katika hali yake kwao bado hakina nguvu.

Dalili utaziona ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili baada ya kula: anahema kwa shida, anayumba, udenda, masikio na pua vinakuwa vya kijivu au bluu, halafu degedege. Mshike mwili, hana homa, mara nyingi ni wa baridi. Homa ya nguruwe inakuja na joto kali na inachukua siku, haiui kundi zima nusu saa baada ya chai. Halafu angalia damu. Dondosha tone kwenye tishu nyeupe, pembeni weka tone la nguruwe mzima. Damu iliyokosa hewa tu ikikaa nje kidogo inarudi nyekundu, hii inabaki kahawia kama chokoleti. Yule mama alivyoiona akasema mbona kama maji ya ukwaju.

Sasa tiba. Kwanza toa chakula chote, weka maji safi, na usiwakimbize! Nimeona mtu anamkamata mtoto kwa mguu anapiga kelele, ile purukushani tu inamaliza oksijeni kidogo iliyobaki anafia mkononi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta, anayehema vile yanaingia kwenye mapafu. Na sindano ya chuma ya kuongeza damu haisaidii, damu ipo, tatizo haifanyi kazi.

Dawa yenyewe ni methilini bluu, anachoma daktari wa mifugo kwenye mshipa taratibu, miligramu 1 mpaka 2 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 10 mpaka 20, kwa dawa ya asilimia 1 hiyo ni mililita 1 mpaka 2 tu. Usizidishe kwa kudhani nyingi ndo itaponya haraka, ikizidi yenyewe inatengeneza methemoglobini ileile. Vitamini C ya sindano nayo inairudisha damu lakini polepole, kwahiyo ni msaidizi, au ya kutumia kwa wale waliopata kidogo. Vitamini E na seleniamu wengine wanatoa baadae wakati wa kupona, mimi sina ugomvi nao ila usitegemee zimuinue aliyelala chini. Na mkojo ukitoka wa bluu au kijani usishtuke.

Kitu hawakwambii dukani: mnyama aliyechomwa methilini bluu haendi kwenye kitimoto kesho. Marekani wanashauri siku 180 kabla ya kuchinja. Mizoga nayo fukia, acha tamaa.

Yule mama aliniuliza kwahiyo nisichemshe tena? Chemsha mama, hasa makombo ya hotelini yenye nyama, hayo ni lazima. Ila pika asubuhi uwape siku hiyohiyo, kikishaiva mwaga kwenye beseni pana kipoe haraka, kilichobaki kisilale. Mboga mbichi zikifika toa kwenye kiroba utandaze kivulini, zilizooza tupa.

Maji ya kisima yaangalie pia, huku kwetu choo na kisima vinapumuliana. Kuchemsha hakutoi naitreti, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kwa binadamu kiwango cha juu cha naitreti cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita, na kama kuna mtoto mchanga ndani anayekorogewa maziwa kwa maji hayohayo, kapime kwa ajili yake kwanza, nguruwe watafuata.

Pipa lake siku hizi anawekea mkaa.