Jiko la kuni la uani: pesa ziende kwenye tofali na kuni kavu, si kwenye mapambo

Ukijenga jiko la kuni la uani hapa Lamu, usianze na vifaa vya mapambo. Ile seti ya koleo, beleshi dogo na brashi, zimening'inia kwenye kigingi cha shaba, imetengenezewa meko ya ukutani ya nchi za baridi kama Uingereza. Huko gogo nene huwaka wazi na kaa likibingirika huishia kwenye zulia. Lamu hakuna anayewasha moto ndani ili aote. Kuni zetu ni za sufuria, na jiko zuri la kuni lina mdomo wa sentimita 12 tu: koleo hilo likiingia, kuni hazina njia. Feni ya betri ya kupulizia moto nayo ya nini? Jiko linalohitaji kupulizwa kila dakika lina kosa la vipimo au limepewa kuni mbichi.

Umbo la jiko hili ni la herufi L: mdomo wa kuingizia kuni umelala, koo la kupandishia moto limesimama. Kanuni zake zilipangwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, miaka ya 1980. Linafaa pilau, maharage, maji ya kuoga ya nyumba nzima. Kwa kikombe kimoja cha chai usilisumbue, maana robo saa ya kwanza matofali hunywa joto.

Vifaa

Matofali 30 ya udongo wa kuchoma, sentimita 23 × 11 × 7.5. Yanayotumika ni kama 26, mengine ni ya kuvunjika. Tofali moja hupita kilo 3, kwa hiyo punda mmoja apige safari mbili, usimrundikie. Pipa la lita 200, nondo ya milimita 10 vipande 2 vya sentimita 30, bapa la chuma la milimita 3 (upana sentimita 11, urefu 30), na bati jeusi la mkanda wa sufuria. Jivu kavu lililochekechwa, madebe 4. Hili ndilo linalochelewesha kazi, anza kulikusanya kwa majirani leo.

Jiwe la matumbawe usiliguse hata kama limejaa uani. Ndilo hilo hilo linalochomwa kupata chokaa: moto mkali huligeuza unga, na likipata maji baadaye huchemka na kumomonyoka. Saruji pia hapana, kwenye moto hupoteza nguvu na kupasuka.

Hatua ya 1: pipa

Chukua lililokuwa na mafuta ya kula. Lililobeba petroli au dawa huweza kulipuka likikatwa, hata likionekana tupu. Kata kwa tindo na nyundo upate mduara wa urefu wa sentimita 50, usio na chini wala juu. Toboa dirisha la upana wa 12 na kimo cha 17, chini yake ibaki 8 na nusu. Kunja kingo ndani. Bati lililokatwa ni wembe.

Hatua ya 2: udongo wa kuunganishia

Mfinyanzi kipimo 1, mchanga 2, maji ya kisima kisicho na chumvi. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na viungo hubanduka magamba. Finyanga donge la ukubwa wa ndimu, lidondoshe kutoka kiunoni: likitawanyika, mchanga umezidi. Jingine lianike hadi kesho. Likiwa na nyufa, mfinyanzi umezidi.

Hatua ya 3: matofali

Loweka kila tofali dakika chache, la sivyo litafyonza maji ya udongo na kiungo hakitashika.

Kozi (safu ya matofali) ya msingi ni matofali 4 yaliyolala, kichwa cha kila moja kikigota ubavu wa mwenzake, kama watoto wanne wanaofukuzana kwa duara. Katikati hubaki tundu la mraba la sentimita 12 (23 toa 11). Kwenye msingi lizibe kwa nusu tofali. Juu ya hapo tundu hilo ndilo koo, na halibadiliki mpaka juu. Uvishe msingi pipa sasa, dirisha likitazama mbele.

Kozi ya 1 na ya 2 zina matofali 3 na nusu: lile la mbele weka nusu tu, upate mdomo. Kozi ya 2 geuza mwelekeo wa duara ili viungo visipandane. Nusu iliyokuwa kushoto ije kulia. Kati ya mdomo wa tofali na dirisha la pipa jaza vipande ulivyovichonga kufuata mviringo, na juu yake kipande cha bati, jivu lisiporomokee ndani.

Juu ya mdomo laza nondo 2, kila upande zikikalia tofali sentimita 9. Kisha kozi ya 3, 4 na 5, matofali 4 kila moja. Kiungo cha sentimita moja, na kila kozi ilale sawa kwa pimamaji. Jumla utasimama kwenye sentimita 50, sawa na pipa.

Hatua ya 4: jivu na kukausha

Jaza jivu kati ya matofali na pipa, ukigonga pipa lishuke, acha sentimita 3 juu uzifunike kwa udongo. Usijaze mchanga. Mchanga hunywa joto, jivu hulizuia.

Acha kivulini siku 7 hadi 10. Halafu siku 3 washa moto mdogo wa makumbi, nusu saa tu. Ukiliwasha kwa nguvu siku ya kwanza, mvuke uliofungiwa hupasua viungo, na ufa wa kooni ni wa kubomoa upya.

Hatua ya 5: bapa na nafasi ya sufuria

Bapa la chuma likae mdomoni, juu ya vijiwe, sentimita 5 hadi 6 kutoka sakafuni. Kuni juu, hewa chini. Wengi huziba chini kwa kuni wakidhani wanaongeza moto, kumbe wanaongeza moshi.

Sufuria isilale juu ya koo. Eneo la koo ni 12 × 12, yaani 144. Ukingo wake ni 48. Gawa: 3. Basi sufuria ikae sentimita 3 juu, kwenye vijiwe vitatu. Izungushie mkanda wa bati jeusi wa kimo cha 12, na kwa sufuria ya kipenyo cha sentimita 30 mwanya uwe 1.5. Ukiubana zaidi, moto hurudi mdomoni. Ukiupanua, unapasha hewa ya uani. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, na moshi wa zinki huleta homa. Hayafai hapa.

Kuni

Mvinje ndio mti wa kazi hii. Omba mabaki ya nguzo, pasua unene wa vidole viwili hadi vitatu, urefu sentimita 40. Panga wakati wa kaskazi, kabla ya masika, juu ya fito mbili, paa juu, pembeni wazi. Turubai la kufunika mpaka chini huotesha ukungu. Kupima, chagua kipande kimoja kipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, rundo limekauka. Kubisha pia hutosha: kikavu hulia kama mbao, kibichi hujibu "pu".

Ubao wa mashua ulio na rangi na mbao zilizotiwa dawa ya wadudu si kuni. Magogo ya ufuoni yana chumvi inayokula bapa.

Kuwashia usinunue vibonge vya pakiti. Kumbi mbili zilizochambuliwa, vipande vya karara, vijiti vya mvinje, kiberiti kupitia chini ya bapa. Kuni hulika nchani tu. Sukuma kidogo kidogo.

Likikataa

Moshi ukirudi mdomoni upepo wa kusi ukivuma, mdomo unatazama kusini-mashariki: weka kizuizi, au ugeuze jiko unapojenga jingine. Moshi bila upepo ni kuni mbichi au jivu limejaa chini ya bapa. Chini ya paa la makuti usiwashe kabisa. Cheche moja inatosha. Jikoni kusikopita hewa, hata pasipo moshi wa kuonekana, kuna hewa ya sumu.

Jivu jipya ongeza kwenye pipa likishuka, linalobaki sugulia masufuria kwa kumbi. Shambani Lamu usilimwage, ardhi ya matumbawe tayari ina chokaa ya kutosha.