Watoto Sita, Jiko Moja: Kupika Chakula cha Mchana Bila Vilio

Kwenye kituo cha nyumbani chenye mlezi mmoja, hakuna saa ngumu kama saa tano asubuhi. Watoto wamecheza mpaka wamechoka, harufu ya kitunguu inatoka jikoni, na mtu wanayemtegemea amewapa mgongo. Walezi wengi hapo hutafuta mchezo mpya au huwasha katuni. Lakini vilio vya saa hiyo mara nyingi ni vya njaa, na mtoto mwenye njaa habembelezwi kwa mchezo. Anza na tumbo, kisha ratiba ya jikoni. Michezo ije baadaye.

Saa nne na robo wape kitafunio: nusu ndizi mbivu au kipande cha papai, pamoja na maji. Kisizidi hapo. Ukichelewa mpaka saa tano watashiba hicho, halafu wali wataugusagusa tu.

Kazi ya jiko ifanyike mapema

Tuchukue mlo wa kawaida wa wali, maharage na mchicha. Maharage yaloweke usiku, na alfajiri umwage maji yale, uweke mengine na kuyachemsha mpaka yaive, kabla wazazi hawajaanza kuleta watoto. Muda huohuo kata vitunguu, nyanya na karoti, funika. Mchele uchambue na uupime. Saa tano ikifika umebakiza kuunga maharage, kupika wali na kukaanga mchicha, kazi ya kama dakika 30, na sehemu kubwa yake wali unajiiva wenyewe. Ukiiva, uhamishie kwenye hotpoti. Chapati na maandazi usiviweke kwenye ratiba ya siku uliyo peke yako: mafuta ya moto yanataka macho yote mawili, na watoto nao vilevile.

Mahali pa kukaa

Tandika mkeka pale unapowaona na wao wanakuona, angalau hatua tatu kutoka kwenye moto. Mstari wa solotepu sakafuni unaeleweka kwa mtoto wa miaka mitatu; wa mwaka mmoja anahitaji kizuizi halisi mlangoni, au kitanda chenye kingo. Mishikio ya sufuria ielekee ukutani. Usikaange ukiwa na mtoto mgongoni, kwa sababu mkono wake unafika mbele kuliko unavyodhani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha, maana gesi yake ya sumu haina harufu. Mchezo wa maji kwenye beseni, ingawa watoto wanaupenda kuliko yote, uache mpaka kuwe na mtu mzima wa pili anayekaa nao. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, tena kimyakimya.

Boksi la saa tano

Tenga boksi moja linalokaa juu ya kabati na kushuka wakati wa kupika tu. Vitu vikizagaa sebuleni siku nzima, saa tano havina mvuto tena. Andaa kazi tatu na uzitoe moja baada ya nyingine. Wa mwaka mmoja na nusu huweza kuchoka baada ya dakika tano. Wa miaka minne anaweza kufika dakika kumi na tano. Ukimwaga vyote kwa pamoja, vitaisha kabla maji ya wali hayajachemka.

Kazi inayodumu kuliko unavyotarajia ni kopo la kutumbukiza kadi. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa plastiki, zungushia ukingo solotepu ili bati lisikate vidole, kisha toboa mfuniko mwanya wa sentimita 7 kwa nusu sentimita. Kata kadi 15 kutoka maboksi ya biskuti, kila moja sentimita 6 kwa 8. Mtoto anatumbukiza, anafungua, anamwaga, anaanza upya. Usitumie vizibo vya soda wala vifuniko vya chupa za maji. Kipimo rahisi: chochote kinachopita kwenye kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Maharage makavu na karanga navyo vimo humo, na huishia puani pia.

Wa miaka mitatu na kuendelea wape vibanio vya nguo kumi kila mmoja, wabane kwenye ukingo wa boksi. Kibanio kilicholegea kitupe, kwa sababu waya wake huchomoka. Au wachambue mchicha: majani kwenye bakuli, mabua pembeni. Wanaopenda kunung'unika mlangoni mwa jiko ndio wa kupewa kazi hii kwanza. Wanachotaka ni kushiriki.

Unga wa kufinyanga unatengenezwa hivi: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya mafuta, na maji ya uvuguvugu robo tatu ya kikombe, uyamimine kidogo kidogo. Kanda dakika tano. Ukinata, ongeza unga kijiko kimoja kimoja; ukipasuka, lowesha viganja ukande tena. Wanaomeza kila kitu usiwape, chumvi hiyo ni nyingi mno kwao. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, na ukianza kunuka tupa.

Ugomvi mwingi unaletwa na idadi. Makopo mawili kwa watoto wanne ni vita. Vibakuli vinne vinavyofanana ni amani. Wakipigana hata hivyo, au mmoja akianguka, zima jiko kwanza ndipo uende. Sekunde zile mbili zinaokoa sufuria, na zinakuondolea sababu ya kukimbia kurudi.

Dakika tano kabla ya kupakua, waambie wakusanye vitu ndani ya boksi, kisha wanawe mikono kwa jagi na beseni. Wakati wa kuhama ndipo watu hugongana, kwa hiyo chakula pakua jikoni, kipoe, uonje joto la katikati ya wali na si la juu tu, ndipo sahani zitoke watoto wakiwa wameshakaa.