Povu Linapozidi Bia Mferejini

Wahudumu wengi wa baa hapa Mombasa, waonapo bilauri ya bia ya pipa imejaa povu, hukimbilia kukaza au kulegeza regyuleta ya gesi, kifaa kinachodhibiti presha inayoisukuma bia. Hilo ndilo kosa la kwanza. Presha aliyoiweka fundi siku ya kufunga mashine haibadiliki ovyo, ilhali joto la mji huu, hasa msimu wa kaskazi, hupanda tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa hiyo anza na kipimajoto, si spana.

Mimina bilauri tatu mfululizo, mfereji ukiwa wazi kabisa, maana mfereji uliofunguliwa nusu hutoa povu hata mashine ikiwa nzima. Pima joto la ile ya tatu: bia inapaswa kuwa karibu nyuzi 3 za Selsiasi. Ikiwa bilauri ya kwanza pekee ndiyo iliyojaa povu, pipa halina neno. Ni mnara wa kaunta, ile nguzo inayobeba mfereji, uliopata joto wakati bia ilipokuwa imetulia ndani yake. Zikija zote na povu, shuku pipa. Pipa la lita 50 lililosafirishwa juani juu ya mkokoteni halipoi kwa saa mbili, na kulizungushia barafu hupoza bia ya pembeni huku ya katikati ikibaki na joto. Liache ndani ya chumba baridi saa 24 kamili kabla ya kulifungua, hata kama wateja wamejaa na mwenye baa ananuna.

Kisha mulika kwa tochi mpira wa bia, yaani bomba linaloitoa pipani hadi mferejini. Mapovu yanayoanzia kwenye kichwa cha pipa, pale mpira unapounganishwa nalo, huashiria joto la pipa au washa (pete ya kuziba) iliyochakaa. Yanayoanzia katikati huonyesha mahali ambapo mpira unapata joto. Katika baa moja upande wa Nyali niliona regyuleta ikibadilishwa mara mbili, kumbe mpira ulikuwa umepitishwa nyuma ya friji, pale pale inapopumulia moto. Mfereji ukikohoa, ukitoa bia na povu kwa zamu, aghalabu pipa limekwisha.

Gesi iwe ya mwisho kuguswa. Kwa laga ya kawaida yenye nyuzi 3, inayopita njia fupi, presha ya kaboni dayoksaidi huwa takriban paundi 10 hadi 14 kwa inchi ya mraba. Ukiishusha kupita kiasi ili kupunguza povu, utaliongeza, kwa kuwa gesi iliyomo katika bia hupata nafasi ya kujitenga mpirani kabla bia haijafika mferejini. Bia ikitoka imelala, yaani bila gesi, paka maji ya sabuni kwenye viungio utafute panapovuja, kisha upime mtungi kwa mizani, kwani mshale wa geji yake hauonyeshi gesi inavyopungua hadi ile ya kimiminika iishe, ndipo huanguka ghafla. Ukihisi gesi imevuja ndani ya stoo iliyofungwa, usiingie kabla ya kuipitisha hewa: gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, na inaweza kuua.

Usafi wa mipira haungoji bia ichachuke. Kila siku 14, pitisha dawa ya magadi makali (kostiki soda) yenye nguvu ya asilimia 2 katika maji ya vuguvugu, uizungushe kwa pampu kwa dakika 15, au uiache itulie kwa dakika 20 iwapo huna pampu, ukiwa umevaa glavu na miwani. Suuza kwa maji safi hadi karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi au magadi) ionyeshe kwamba maji yanayotoka ni sawa na yale yaliyoingia. Kila miezi mitatu tumia dawa ya asidi kuondoa ukoko wa madini, lakini kamwe usiichanganye na magadi. Mfereji nao ufunguliwe vipande vyote na kusuguliwa kwa brashi, maana utelezi mweupe hujificha mdomoni mwake.

Iwapo hayo yote ni sawa na povu bado linakuaibisha, kagua bilauri. Ilowanishe na uinyunyizie chumvi kwa ndani: isiposhika mahali fulani, pana mafuta. Baa nyingi huosha bilauri katika sinki moja na sahani za viazi karai; tenga sinki, utenge na sifongo.