Mausi ipi nzuri, ipi mbovu? Pima hivi kabla hujanunua nyingine

Juzi jirani aliniita kwake. Nyumba ina kompyuta tatu na mausi tatu. Akanionyesha moja ya zamani: "Kaka, hii ni ya kutupa." Tulipomaliza kupima, mbovu ilikuwa nyingine kabisa.

Hatua ya 1. Futa tundu la mwanga chini ya kila mausi. Zote zipimwe juu ya daftari moja, si kwenye meza ya kioo.

Hatua ya 2: Sawazisha kompyuta kwanza. Hapa ndipo jioni yetu yote ilipoishia. Mausi ileile ilikuwa nzito sebuleni na nyepesi kwenye laptopu. Tukabadilisha matundu ya USB, tukazima, tukawasha. Kumbe Windows ina mpangilio unaokikimbiza kishale zaidi kila ukivuta mausi kwa haraka, na kwa kawaida huja umewashwa. Sebuleni, mwanawe anayecheza gemu alikuwa ameuzima.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha Enter. Nenda "Pointer Options", toa tiki kwenye "Enhance pointer precision", weka kasi katikati kabisa, halafu bofya "Apply". Fanya hivyo kwenye kila kompyuta, hata ile unayoiamini.

Kama mausi ina kitufe kidogo nyuma ya gurudumu, usikiguse: hubadilisha dpi (pikseli, yaani nukta za skrini, ambazo kishale huenda kwa kila inchi mausi inayosogea), na vipimo vyote vitaharibika. Angalia na skrini pia. Mausi ya dpi 1000 ikisogea sentimita 2, kishale huenda pikseli kama 790. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1366 hapo umevuka nusu. Kwenye ya 1920 hujaifikia. Ndiyo maana mausi nzima husingiziwa uzito. Basi chagua kompyuta moja, mausi zote zipite hapohapo.

Hatua ya 3. Weka vitabu viwili vizito, kimoja kila upande wa mausi, ukipima kwa rula ili mausi iwe na nafasi ya kusogea sentimita 2. Kishale kianzie ukingo wa kushoto wa skrini. Sukuma mausi polepole mpaka igote kitabu cha kulia, uone kishale kimeishia wapi. Rudia kwa haraka. Mausi nzuri huishia karibu palepale.

Hatua ya 4. Bofya folda mara moja, subiri kidogo, bofya tena, mpaka zifike 30. Folda ikifunguka, swichi imechoka: inabofya mara mbili kwa mbofyo mmoja. Mausi mpya inayong'aa ya jirani ilianguka hapa, ya kutupa ikapita bila kosa. Kipimo hiki nakiamini kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Hatua ya 5: Zisizo na waya. Kishale kikirukaruka, toa kipokezi (kile kidude cha mausi kinachochomekwa kwenye kompyuta) kwenye tundu la USB 3.0 lililo jirani na flashi au diski ya nje, maana USB 3.0 huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz ambayo mausi hutumia. Kihamishie USB 2.0, au tumia waya wa kurefusha. Kwa kompyuta isiyohama sebuleni, mimi nanunua ya waya tu.