Jinsi ya kumwelewesha mzee kwanini kinga inashindwa kuua kansa (uzi na zabibu tu)

Ba'mdogo wangu analima mtama huko Kongwa, juzi kaja hapa Dodoma mjini akaniuliza swali likanikwamisha: "Mwanangu, kama mwili una askari, uvimbe unakuaje mpaka unajaa kiganja na askari wapo?" Nikaanza na maneno ya chuo, sijui protini sijui kromatini, mzee kimya, macho kwenye redio. Nimehangaika nikapata njia iliyokubali, nawaachia hapa.

Tafuta uzi wa cherehani mita mbili, zabibu nusu kilo (msimu ukiwa umeisha tumia njugu mawe zilizolowekwa ila zinateleza kinoma), kalamu ya rangi nyekundu na ya bluu, na uji mzito wa ngano, ule wa kubandikia makaratasi.

Mpe aupime uzi kwa mikono yake mwenyewe. Mwambie DNA (uzi wenye maagizo ya mwili) ya seli moja ukiinyoosha inafika karibu urefu huo, na imekunjwa sehemu ambayo macho hayaioni. Ba'mdogo alibisha, we mwache abishe. Kisha paka nyekundu sehemu moja, hiyo ni jeni (agizo moja kwenye uzi) ya silaha za askari, afu bluu sehemu nyingine, hiyo ni jeni ya breki ya kumzuia askari, inaitwa PD-1. Zungushia uzi kwenye zabibu, karibu mizunguko miwili kila moja, maana ndani ya seli DNA inajizungusha hivohivo kwenye vibonge vya protini vinaitwa histoni. Sasa azibane zote kiganjani. Nyekundu imepotea katikati? Basi jeni hiyo imefungwa, haisomeki. Alegeze vidole, ikichungulia inasomeka. Seli ya ini na seli ya kinga zina uzi karibu uleule, tofauti kubwa ni wapi pamelegezwa na wapi pamebanwa. Hapo usiharakishe, rudia hata mara tatu.

Akishaelewa mpeleke shambani. Kijana analinda mtama, yuko juu ya dungu na kombeo lake, siku ya kwanza kweleakwelea wakitua tu anapiga kelele anarusha mawe. Wasipoondoka mwezi mzima utamkuta bado yupo juu, kombeo mkononi, ila harushi tena. Seli T, ndo hao askari wa kinga, nazo ziko hivo, zikikaa na adui yuleyule muda mrefu uzi wake unapangwa upya, nyekundu inabanwa, bluu inalegezwa, breki za PD-1 zinajaa juu ya seli, na uvimbe nao unatoa protini yake PD-L1 inayokanyaga breki hizohizo. Msimamizi mkubwa wa huo mpango ni protini inaitwa TOX. Mi nilidhani ukiitoa TOX seli inarudi na nguvu zake, kumbe kwa panya walipoitoa mwaka 2019 seli zile hazikudumu, zilikufa. Yani kuchoka ndo kunaziweka hai.

Kuna na seli T za kutuliza ugomvi, zinaongozwa na jeni ya FOXP3 (waliozifumbua walipewa Nobel 2025), uvimbe unazivuta zije kutuliza mahali pasipotakiwa. Makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza wadudu na takataka, nazo zinageuzwa, zinaanza kusaidia uvimbe upate mishipa ya damu. Kwa mzee hizi zitaje juujuu tu.

Kwenye dawa ndo uji unafanya kazi. Usiku wa kuamkia siku hiyo paka uji zabibu chache, zungushia uzi, acha zikauke. Sasa mwambie avute uzi wa zabibu ya kawaida, unatoka wenyewe. Avute wenye uji, ndo uzi wa seli iliyochoka muda mrefu, ba'mdogo alivuta mpaka ganda la zabibu likachanika. Dawa zilizotokana na kazi ya James Allison na Tasuku Honjo, Nobel 2018, zinaondoa mguu wa uvimbe kwenye breki, ila uzi ulioganda unabaki umeganda. Ndo maana seli ambazo hazijachoka sana zinaamka na zilizochoka kupitiliza haziamki, na hiyo ni sababu mojawapo ya mgonjwa huyu kupona na yule dawa ileile isimsaidie.

Kitu kimoja nawaomba, usimwambie mzee kinga yake ni dhaifu. Ukisema hivo kesho yuko sokoni ananunua unga wa kuongeza kinga. Mwambie imezuiwa. Na breki zipo kwa sababu, maana hizo dawa za kuziachia huwa zinafanya kinga ishambulie hadi utumbo, ini na tezi za mwenyewe, kwahiyo daktari anakuwa anamfuatilia mgonjwa kwa karibu.

Ba'mdogo mwisho kaniuliza, "Sasa huo uji mnaulainishaje?" Nikamwambia hapo ndo watafiti wanapopigania, wanajaribu dawa za kulegeza uzi wenyewe pamoja na za kuachia breki. Akasema mbona maji ya moto yanatosha. Na zile zenye uji zifiche, za kwangu watoto walishakula nne.