Kusaka komiti iliyoleta kosa kwa git bisect

“Mwanangu, juzi nimepima kilo kumi na nane na nusu. Ujumbe unasema kumi na nane. Nusu yangu imekwenda wapi?”

Mama mmoja mkulima wa chai kule Tukuyu alinipigia simu kuniuliza hivyo. Programu inayotuma ujumbe wa mizani nimeiandika mimi na mwenzangu, hapa Mbeya mjini. Kwa aliye ofisini nusu kilo ya majani mabichi ni kitu kidogo, lakini yeye aliyeyachuma kwenye mvua ya Rungwe anapoteza fedha kila anapopeleka mzigo kituoni.

Toleo letu la 1.4 lilikuwa likihesabu sawasawa. Tangu hapo tulikuwa tumeweka komiti 96, yaani hifadhi 96 za mabadiliko kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Kuzisoma moja moja kungekula siku nzima. Kubahatisha ndiko nisikokutaka kabisa: unagusa hapa, unagusa pale, mwisho unaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Nikatumia bisect. Unaionyesha Git komiti moja nzima na moja mbovu, nayo inakupeleka katikati yake. Ukijibu, nusu moja inaondoka. Kwa komiti 96 unahitaji majaribio kama saba, na hata zingekuwa 1,000 ni kama kumi tu. Tena historia yote iko kwenye kompyuta yako, kwa hiyo huhitaji intaneti. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika na mtandao wa simu unasuasua. Kazi yote niliifanya kwa betri.

Hatua ya 1: Andika jaribio

Hapa usiharakishe, maana jaribio likidanganya, bisect nayo itakudanganya. Kwenye folda ya mradi nilitengeneza faili pima.py, bila kuliingiza kwenye Git:

```
import sys
try:
    from malipo import jumla
except Exception:
    sys.exit(125)
sys.exit(0 if jumla([18.5, 7.5]) == 26.0 else 1)
```

Namba zilizo ndani ya sys.exit, ambazo jaribio hutoka nazo, ndizo lugha ambayo bisect inaielewa. 0 ni nzima, 1 ni mbovu, na 125 ni “hii siwezi kuipima, iruke”. Usisahau kuiweka hiyo 125. Baadhi ya komiti zetu za katikati hazikuwa zikiendeshwa kabisa, kwa sababu mtu alihifadhi kazi akiwa njiani. Python ikikwama kwa kosa la namna hiyo hutoka na 1, na bisect ingeihesabu komiti hiyo kuwa ndiyo yenye kosa tunalolisaka.

Nimechagua 18.5 na 7.5 kwa makusudi. Kompyuta huhifadhi nusu kamili bila kupoteza chochote, lakini 0.1 haiwezi: Python itakwambia 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Ukipima kwa namba za aina hiyo, jaribio litalalamika hata pale ambapo msimbo hauna kosa.

Hatua ya 2: Weka kando kazi isiyokwisha

```
git stash
```

Bisect itabadilisha mafaili yako mara nyingi. Amri hii haigusi faili ambalo Git hailifuatilii, kwa hiyo pima.py itabaki palepale.

Hatua ya 3: Onyesha mipaka

```
git bisect start
git bisect bad
git bisect good v1.4
```

Kabla ya kuandika good, rudi kwenye toleo hilo ulipime kwa mkono. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani.

Hatua ya 4: Iache itafute

```
git bisect run python3 -B pima.py
```

Ile -B inaizuia Python isihifadhi nakala zilizokwisha kutafsiriwa. Bisect hubadilisha mafaili kwa kasi, na Python hutambua badiliko kwa kuangalia muda na ukubwa wa faili. Vyote viwili vikifanana, itaendesha msimbo wa zamani nawe usijue.

Dakika haikuisha, terminali ikaandika namba ya komiti na maneno “is the first bad commit”. Nikaifungua kwa git show. Ilikuwa na mistari minne tu, na mmoja wao ulikuwa huu:

```
return sum(int(u) for u in uzito)
```

Mwenzangu alikuwa na nia njema. Ujumbe wa kawaida wa simu una nafasi ya herufi 160, na “18.0” ilikuwa ikimaliza nafasi bure, kwa hiyo akaikata iwe “18”. Lakini alikata kwenye hesabu, si kwenye maandishi ya ujumbe, na int() haikadirii: hutupa chote kilicho baada ya nukta. Hata 18.9 ingekuwa 18. Komiti ingekuwa na mafaili arobaini, bisect ingetufikisha mlangoni, tukaanza msako mwingine ndani.

Hatua ya 5: Rudi ulikotoka, kisha rekebisha

```
git bisect reset
git stash pop
```

Hatukuishia kuifuta int(). Sasa uzito tunauhifadhi kwa gramu, namba kamili: kilo 18.5 inaingia kama 18500. Inageuzwa mara moja tu pale data ya mizani inapopokelewa, na inarudi kuwa kilo pale ujumbe unapoandikwa. Jaribio nalo tuliligeuza lipime kwa gramu, tukaliingiza kwenye Git, na sasa linaendeshwa kabla ya kila toleo.

Kisha tukapitia rekodi zote tangu tarehe ya komiti ile, maana uzito wenyewe ulihifadhiwa sawasawa; kilichokosewa ni jumla tu. Orodha ya wakulima na kilo zilizopungua tuliipeleka kwenye chama chao wiki ileile. Yule mama nilimpigia mwenyewe, nikamsomea kilo zake siku kwa siku, naye akawa anazilinganisha na daftari lake. Zililingana zote. “Ndaga fijo, mwanangu,” akasema kwa Kinyakyusa, yaani asante sana, kisha akaniuliza fedha zinaingia lini.